Kulala ndani ya vani: dirisha lipi liachwe wazi, na wazi kiasi gani?

Tone la kwanza lilinipiga juu ya nyusi. Nikadhani paa linavuja, nikawasha tochi, nikapapasa mpira wa kioo cha juu. Mkavu. Nje hakukuwa na mvua. Maji yale yalikuwa yetu wenyewe. Tulikuwa wawili, tumejifungia garini tangu saa tatu usiku, vioo vyote juu kwa kuogopa baridi, na pumzi zetu zilipanda hadi kwenye bati, zikapoa, zikarudi kama matone. Kulipokucha ungeweza kuandika jina lako kwenye kioo chochote, na godoro upande wa chini lilikuwa limelowa kama kitambaa cha kudekia.

Mtu mmoja akilala hupoteza kati ya robo na nusu lita ya maji kwa usiku, kwa kupumua na kwa ngozi. Nyumbani maji hayo hupotelea vyumbani. Ndani ya gari lenye mita za ujazo nane au kumi hayana pa kwenda isipokuwa kwenye vioo, bati na godoro, na baada ya wiki chache huja kuvu. Tangu usiku ule nimejaribu karibu kila njia ya kuacha hewa ipite wakati nimelala, nyingine kwenye magari yangu, nyingine kwenye magari ya marafiki. Nazilinganisha hapa mbili mbili, kwa kuwa hivyo ndivyo mtu anavyokwama anapotaka kununua.

Kwanza, usiku wako ni wa baridi au wa joto?

Watu wengi huuliza dirisha lipi ni bora kabla hawajajua wanataka hewa ifanye kazi gani. Kazi ni mbili, na hazikaribiani hata kidogo.

Usiku wa baridi unataka kukausha na kutoa hewa ukaa. Watu wawili waliolala hutoa takriban lita 25 za hewa ukaa kwa saa. Hewa ya nje ina sehemu kama 420 za hewa ukaa katika kila milioni. Ukitaka ya ndani isiizidi ya nje kwa zaidi ya sehemu 1,000, unahitaji kubadilisha mita za ujazo 25 hivi kwa saa, yaani hewa ya gari zima mara mbili au tatu. Hicho ni kiasi kidogo. Mapengo mawili ya upana wa vidole viwili, kila moja upande wake, mara nyingi yanatosha kukiwa na upepo wa kawaida tu.

Wala mvua ya baridi isikufanye ufunge. Hewa ya nyuzi 5, hata ikiwa imeshiba unyevu kabisa, hubeba gramu 7 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapata joto la nyuzi 18, uwezo wake hupanda hadi gramu 15. Kwa hiyo inaingia ikiwa na nafasi na inatoka na maji yako. Nilichelewa sana kuliamini hili, maana akili inakataa kwamba unaweza kukausha gari kwa kuingiza hewa ya nje wakati mvua inanyesha.

Usiku wa joto hesabu ni nyingine. Mwili uliolala hutoa joto la wati 70 hivi, kwa hiyo mkiwa wawili ni kama mmelala na balbu mbili za zamani ambazo hazizimwi. Tukiacha joto linalopotea kupitia bati, ukitaka hewa peke yake izuie ndani kuzidi nje kwa nyuzi moja, lazima zipite zaidi ya mita za ujazo 400 kwa saa. Pengo la vidole viwili haliwezi kitu kama hicho. Na penye unyevu mwingi, hewa ya nje haina nafasi ya kubeba maji yako. Msaada wake ni kupita juu ya ngozi, basi.

Anayelala kwenye baridi, basi, atafute matundu madogo yasiyoingiza mvua wala mkono wa mtu. Anayelala kwenye joto atafute uwazi mkubwa wenye wavu, na feni.

| Njia | Mvua | Wadudu | Mkono wa mtu | Kukata bodi? |
|---|---|---|---|---|
| Kikinga mvua cha dirisha la mlango | Nzuri, pengo likiwa dogo | Hakizuii | Inategemea pengo | Hapana |
| Grili ya kuchomeka | Nzuri kiasi | Zenye wavu tu | Nzuri | Hapana |
| Soksi ya wavu | Haizuii | Nzuri | Haizuii | Hapana |
| Dirisha la kuteleza | Mbaya | Likiwa na wavu wake | Wastani | Ndiyo |
| Dirisha la bawaba juu | Nzuri | Likiwa na wavu wake | Dhaifu | Ndiyo |
| Feni ya paa yenye kofia | Nzuri | Ina wavu | Nzuri | Ndiyo |

Kikinga mvua au grili?

Kikinga mvua ni ule ukanda wa plastiki ngumu, mara nyingi mweusi, unaokaa juu ya dirisha la mlango wa mbele. Kuna wa kubandika kwa tepu ya pande mbili na kuna wa kuchomeka ndani ya mfereji wa mpira ambamo kioo hupanda. Unashusha kioo sentimita mbili au tatu, pengo linajificha nyuma ya plastiki, na anayepita nje haoni kitu. Ukishakiweka unakisahau, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kipo mchana, kipo usiku, hakuna cha kutafuta chini ya kiti saa nne usiku.

Kina mipaka yake. Mvua ya mshazari ikisukumwa na upepo kutoka ubavuni hupita. Ukishusha kioo kupita ukingo wa plastiki umeshatoa mwaliko kwa mvua na kwa mtu. Halafu ile aina ya kuchomeka huleta kero kwenye magari ambayo kioo chake cha umeme hurudi chini chenyewe kikigusa kizuizi. Kioo kinapanda, kinaigusa plastiki, kinadhani ni vidole vya mtoto, kinashuka. Kwenye gari la namna hiyo nunua cha kubandika, usafishe bati kwa spiriti kwanza, na ukipe siku nzima kabla ya kuosha gari.

Grili ni kipande cha plastiki au alumini chenye vibao vya mshazari kama vya shata. Unashusha kioo, unaichomeka juu ya fremu, unapandisha kioo mpaka kiibane. Uwazi wake kwa kawaida ni mkubwa kuliko wa kikinga, na kioo kikishabanwa hakuna wa kukisukuma kwa kiganja wala wa kupitisha waya wenye ndoano hadi kwenye kitasa. Ila lazima iwe imekatwa kwa umbo la mlango wako. Ile ya saizi moja kwa magari yote niliyowahi kuazima ilipiga mluzi usiku kucha, na mwenzangu akaniambia nichague mmoja wa kulala naye, yeye au grili.

Kwa anayehama kila siku, kikinga mvua kinashinda bila ubishi. Grili naipendekeza kwa anayekaa sehemu moja siku kadhaa, na kwa yule ambaye gari lake halina dirisha jingine la kufunguka zaidi ya milango ya mbele.

Kitu kimoja kwa wote wawili. Vioo vya umeme kwenye magari mengi havipandi bila kuwasha swichi. Jua ufunguo uko wapi kabla hujalala, maana mvua ya saa nane usiku haingoji upekue mifuko ya suruali.

Soksi ya wavu au wavu wa sumaku?

Soksi unaivalisha mlango kwa juu kama foronya, kisha unaufunga mlango. Kioo kinapanda na kushuka kama kawaida ndani yake, kwa hiyo unaweza kulishusha dirisha lote. Inataka mlango wenye fremu kamili kuzunguka kioo. Wavu wa sumaku unaubandika kwa ndani, nao ni mwepesi kuvua, lakini unahitaji chuma cha kung'ang'ania. Ndani ya milango mingi fremu imefunikwa kwa plastiki. Kabla ya kununua chukua sumaku yoyote ndogo uizungushe kwenye fremu nzima. Ikianguka sehemu tatu, achana na wazo hilo.

Macho ya wavu nayo yana mambo. Chandarua cha kawaida kinamzuia mbu, usubi anapita. Wavu wa macho madogo unamzuia usubi na unaizuia pia hewa, kiasi kwamba uwazi uliokuwa ukitosha unageuka mdogo. Kwenye joto afadhali uongeze dirisha la pili lenye wavu kuliko kung'ang'ania moja. Na weka nyavu kabla ya kuwasha taa.

Soksi haimzuii mtu, wembe unamaliza kazi kwa sekunde mbili. Naitumia pale ambapo nina majirani ninaowajua.

Dirisha la kuteleza au la bawaba?

Hapa tunaingia kwa wanaokubali kukata bodi ya gari, na hapa pesa ya mtu ikipotea haimrudii.

Dirisha la kuteleza ni vioo viwili, kimoja kinasukumwa nyuma ya kingine. Linaonekana kama limetoka kiwandani na gari, kioo chake ni kigumu, halitokezi nje ukapigwa nalo kichwani, na likibaki wazi njiani hakuna kinachovunjika. Ubaya wake unaujua mvua ikianza. Uwazi umesimama wima bila kofia, maji yanaingia moja kwa moja kitandani, unafunga, na ukishafunga umerudi kwenye matone ya paa. Ukiwa na moja tayari, linaweza kuokolewa kwa kibanda kidogo cha plastiki kinachobandikwa juu yake kwa nje. Halafu kioo cha tabaka moja ndicho mahali pa kwanza maji yanapojikusanya.

La bawaba linafunguka kwa chini kwenda nje, limeshikwa juu. Kwa kawaida ni akriliki, yaani plastiki ngumu inayoona kama kioo, ya tabaka mbili yenye hewa katikati, hivyo haliwi baridi kama kioo. Likiwa wazi linakuwa paa lake lenyewe. Mengi yana kituo cha kwanza ambapo komeo limeshika lakini kuna mwanya mwembamba, na hicho ndicho kituo cha kulalia. Nimelala na dirisha la aina hiyo likiwa kwenye kituo cha kwanza, mvua inapiga tangu saa sita hadi alfajiri, na mto wangu ulibaki mkavu.

Sifa zikiishia hapo ningekuwa nimedanganya. Akriliki inachubuka hata kwa tawi la mti. Komeo ni la plastiki, na mtu mwenye bisibisi bapa hahitaji muda mrefu. Upepo mkali hulipigapiga. Na ukiondoka asubuhi umelisahau wazi, ama utalirudia vipande vipande barabarani au hutalirudia kabisa. Mimi hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani kila ninapolifungua.

Pamoja na hayo yote, kwa kulala nachagua la bawaba. Kwa anayepaki barabarani katikati ya mji, la kuteleza lina akili zaidi.

Kuna la tatu ambalo watu hawaliangalii, lile dirisha dogo la usawa wa godoro. Sehemu ya juu ya kioo haifunguki, ya chini inafunguka kidogo ikiwa na wavu. Hewa inaingia chini kabisa, karibu na uso wako, na mtu wa nje hawezi kuingiza hata bega. Kama ningeanza upya na gari tupu, ningeanza na hilo.

Paa: feni au kofia tupu?

Usawa wa godoro una maana yake. Hewa yenye joto na unyevu hupanda. Ukiwa na tundu chini na jingine juu, hewa inatembea yenyewe hata upepo ukiwa umelala. Ukiwa na matundu mawili yaliyo sawa kwa urefu, unautegemea upepo. Ukiwa na moja tu, hata liwe kubwa, hewa inayotaka kutoka na inayotaka kuingia zinagombania mlango mmoja.

Feni ya paa inakaa kwenye tundu la sentimita 40 kwa 40 kwenye magari ya Ulaya, na inchi 14 kwa 14, kama sentimita 36, kwa yale ya Marekani. Inatumia volti 12. Kwenye mwendo wa chini nyingi hazifiki nusu ampea. Chukulia ampea 0.3 kwa saa nane, jumla ni ampea-saa 2.4, na betri ya ampea-saa 100 haitashtuka. Mwendo wa juu ukila ampea 3, usiku mmoja umemeza ampea-saa 24, karibu robo ya betri hiyohiyo. Nunua yenye kofia inayoiruhusu kubaki wazi kwenye mvua. Feni isiyo na kofia hujifunga au unaifunga mvua inapoanza, na hapo umelipia kitu kisichofanya kazi saa unayokihitaji.

Iweke itoe hewa nje, kisha ufungue dirisha la upande wa kichwa chako kidogo. Hewa yote inayotoka juu lazima iingie kwa dirisha hilo, kwa hiyo inapita usoni kwako kwanza. Ukifunga madirisha yote ukaiwasha, itavuta popote itakapopata: kwenye bomba la sinki, kwenye matundu ya sakafu, hata kwenye bomba la moshi la hita isiyofungwa vizuri. Hilo la mwisho si la mzaha.

Kofia tupu haina mota. Kuna ile ya umbo la uyoga na kuna ile inayozunguka kwa upepo, inayobeba jina la Anton Flettner, Mjerumani aliyeunda meli yenye minara ya kuzunguka, Buckau, katika miaka ya 1920. Haili umeme, haifungwi, na tundu lake ni dogo. Upepo ukiwepo inafyonza hewa, usipokuwepo inabaki kuwa tundu juu ya paa, na tundu juu ya paa bado ni kitu. Kwa mtu wa baridi, kofia na pengo moja la mlango vinatosha na vinabaki kimya. Kwa joto haitoshi kabisa, usijidanganye.

Mlango wa nyuma na paa la kuinuka

Kuna ndoano inayoushika mlango wa nyuma ukiwa wazi kama upana wa kiganja bila kuuacha ufunguke zaidi. Hewa ni nyingi na bei ni ndogo, ila wavu wake ni mgumu kutengeneza na moshi wa gari lililopaki nyuma yako unaingia moja kwa moja. Kwa kambi yenye nafasi ni sawa.

Paa la kuinuka lenye kuta za turubai na nyavu ni raha tupu kwenye joto. Kwenye upepo hutalala, na turubai iliyolowa ukiikunja asubuhi itanuka kufikia jioni.

Moto ni habari nyingine

Pengo la dirisha halikukingi na kaboni monoksaidi. Gesi hiyo ya sumu haina rangi wala harufu, na jiko, hita ya kuwaka wazi au injini inayonguruma karibu vinaweza kuizalisha haraka kuliko pengo linavyoweza kuitoa. Usilale injini ikiunguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Usipashe gari joto kwa jiko la kupikia, ambalo pia hukulowesha, kwa maana kilo moja ya propani, gesi ya mitungi, ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Weka kigunduzi chenye king'ora usawa wa kitanda. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni, kwa hiyo yale matundu ya sakafu yanayoleta ubaridi miguuni usiyazibe kwa zulia.

Unapopaki, angalia jirani. Kama jenereta au bomba la hita lake linaelekea ubavu fulani, ubavu huo wako unabaki umefungwa, hata kama ndiko upepo mzuri unakotoka.

Ningechagua nini

Gari la kukodi, au lako ambalo hutaki kulikata: vikinga mvua milango yote miwili ya mbele, soksi moja kwenye mkoba, na feni ndogo ya kubana inayotumia chaji ya simu. Kwa baridi utalala vizuri kabisa. Kwa joto utavumilia.

Gari lako na uko tayari kukata tundu moja tu: feni ya paa yenye kofia, bila kusita, pamoja na kikinga mvua cha mlango mmoja. Matundu mawili: ongeza dirisha dogo la usawa wa godoro. Madirisha makubwa ya bawaba ningeyaweka mwisho, kwa sababu mwanga na mandhari ni starehe ya mchana.

Ukishachagua, kuna kitufe kimoja cha kutafuta kwenye gari lako. Alamu nyingi zina kihisi cha ndani kinachosikia kitu kikitembea. Usiku wangu wa kwanza na feni nilibonyeza rimoti kufunga milango nikiwa nimeshajilaza, feni inazunguka taratibu, pazia linacheza kwa hewa nzuri ajabu. Saa tisa na nusu nilijigeuza upande wa pili. Kambi nzima iliamka. Kihisi hicho kina namna yake ya kuzimwa peke yake, milango ikabaki imefungwa; kwenye gari langu ni kitufe kidogo pembeni ya taa ya dari, na sasa nakibonyeza kabla sijavua viatu.